Sacheti ama Sufuria? Jinsi ya Kujipikia Kahawa Fiti Ukiwa Kitui na Makueni

Ingia duka lolote pale Wote, Mwingi ama Kitui mjini uulize kama kuna kahawa. Utaonyeshwa ule mstari wa sacheti unaoning'inia kando ya shampuu na njugu. Unakatiwa moja, unatoa ashu yako, unaenda. Kwa wasee wengi hiyo ndiyo kahawa, hakuna ingine wanajua.

Sasa kinachouma ni hiki. Kahawa inakuzwa Makueni. Panda milima ya Mbooni na Kilungu utapata mashamba yenyewe, si stori. Lakini ikishavunwa inaoshwa, inakaushwa, inakobolewa, inauzwa kwa mnada Nairobi halafu kubwa yake inapanda meli. Mkulima wa Mbooni anaamka saa kumi na moja na kunywa chai, na mgeni akija ndio anatumwa mtoto dukani akalete sacheti.

Hii si kusema sacheti ni mbaya. Ni kusema ujue unanunua nini, na ujue kuna njia ingine yenye haihitaji mashine.

Ndani ya sacheti kuna nini?

Ile unga si kahawa iliyosagwa. Ni kahawa ambayo tayari ilipikwa kiwandani, ikaondolewa maji yote mpaka ikabaki unga. Wewe unarudisha tu maji. Nestlé ndio waliivumisha na Nescafé, iliyotoka Uswisi mwaka wa 1938, baada ya Brazil kuwa na kahawa nyingi kuliko wanunuzi. Majirani zetu Watanzania wana yao, Africafé, inayotengenezwa Bukoba kwa robusta ya kule Kagera. Robusta ina kafeini nyingi na uchungu mwingi kuliko arabika, ile aina inayokuzwa Mbooni. Ndio maana kikombe kimoja cha sacheti kinaweza kukuamsha vizuri bila kukuachia ladha yoyote ya kukumbuka.

Majuu wao walienda hatua ingine: kapsuli. Nespresso walianza kuuza zao 1986, halafu Keurig wa Marekani wakaleta vikopo vyao mwisho wa miaka ya tisini. Unaweka kapsuli moja kwa mashine, unabonyeza, kikombe kimoja kinatoka. Mtego uko hapo: mashine inauzwa bei ya kuvutia, halafu unalipia kapsuli maisha yako yote. Mwaka wa 2014 Keurig walitoa mashine iliyokataa vikopo vya kampuni zisizo na leseni yao, wateja wakawaka. John Sylvan, mmoja wa waliobuni vikopo hivyo, alikuja kusema 2015 kwamba wakati mwingine anajuta, kwa sababu ya takataka za plastiki.

So ukiona mashine ya kapsuli inauzwa mtandaoni kwa bei ya mitumba na unaishi Kibwezi, jiulize kwanza kapsuli utatoa wapi. Zikiisha, hiyo mashine ni pambo la meza.

Tupige hesabu bila kudanganyana

Bei zinabadilika, kwa hivyo weka za duka lako. Tuseme sacheti ni bob 10 na ina gramu 2 hivi. Hiyo ni bob 5 kwa gramu. Tuseme pakiti ya gramu 250 ya kahawa halisi iliyosagwa ni 600. Hiyo ni bob 2.40 kwa gramu. Kwa gramu, sacheti ni ghali mara mbili.

Lakini kikombe cha kahawa ya kusagwa kinataka gramu 12 hivi, kwa hivyo kitakugharimu karibu bob 29. Sacheti bado inashinda kwa bei. Anayekwambia vingine anakuuzia kitu.

Ila wengi wetu hatuweki sacheti moja kwa kikombe kikubwa, tunaweka mbili. Hapo tofauti inabaki bob 9, na hiyo ni pesa ya ladha. Makomredi wanne pale SEKU, Kwa Vonza, wakichanga 150 kila mmoja wanapata pakiti ya vikombe kama ishirini. Vitano kila mtu, wiki ya mitihani imeisha.

Shida kubwa ni maji

Hapa ndio tunatofautiana na watu wa Nairobi. Kikombe cha kahawa ni maji karibu yote, na maji ya visima vingi vya kuchimbwa huku Ukambani ni ya chumvi. Mimi nilibeba kahawa nzuri kutoka Nairobi nikampelekea susu wangu huko Mutomo, nikijua nitamshangaza. Nikapika kwa maji ya kisima. Ilikuwa kama supu iliyosahaulika. Susu alikunywa kwa heshima, halafu akauliza kama kuna chai.

Kosa halikuwa la kahawa. Maji yenye madini mengi yanaua ule uchachu mtamu ambao ndio sifa ya kahawa ya Kenya, na chumvi yenyewe unaisikia kwa ulimi. Dalili ni yale magaga meupe ndani ya birika. Kuchemsha sana hakusaidii, maana chumvi haiendi na mvuke. Inabaki ikizidi kuwa kali.

Suluhisho unalo kwa paa. Maji ya mvua, yale ya tangi, hayana hizo chumvi na yanapika kahawa safi kabisa. Mvua zetu za kutegemewa ni za Oktoba mpaka Desemba, so chota lita tano uziweke kando na uzifunike vizuri. Maji ya kuchimba kwa mchanga wa mto ama nyuma ya bwawa la mchanga mara nyingi huwa na chumvi kidogo kuliko ya kisima kirefu. Yachuje na uyachemshe kwanza. Kama uko mjini, nunua lita moja ya maji yaliyosafishwa pale wanapojaza mitungi. Lita moja ni vikombe vitano.

Kupika kwa sufuria

Pima maji kikombe kimoja, mililita 200 hivi, na vijiko viwili vya mezani vya kahawa iliyosagwa, vilivyojaa bila mlima. Chemsha maji, toa kwa moto. Kitui mjini na Wote ziko juu kidogo, zaidi ya mita 1,000, kwa hivyo maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 96. Hiyo ni joto poa kwa kahawa, huhitaji kungoja sana. Mwaga kahawa ndani, koroga mara moja, funika. Dakika nne. Usiguse.

Ukifunua utapata povu limeganda juu. Litoe na kijiko, ngoja dakika moja chenga zishuke, halafu mimina polepole. Chujio la chai linatosha, ama kitambaa safi cha pamba kilichooshwa bila sabuni ya manukato. Kosa la wengi ni kuichemsha kahawa pamoja na maji kama majani ya chai. Hapo unatoa uchungu tu.

Unataka ya maziwa? Chemsha maziwa kando, uongeze mwisho. Asali ya Mwingi badala ya sukari ni wazo zuri sana, jaribu kabla hujabisha.

Na kama una ndugu Mbooni

Omba kilo moja, mbili za kutumia nyumbani. Usijibebee gunia, kahawa ghafi husafirishwa kwa kibali na barabarani utaulizwa. Twanga taratibu kwa kinu ganda litoke, pepeta kwa ungo. Halafu choma kwa kikaango kizito, moto wa wastani, ukikoroga bila kupumzika, dakika kumi hadi kumi na tano. Itageuka manjano, kisha kahawia, halafu utasikia inapasuka kama bisi. Ukipenda ladha nyepesi toa mlio ukitulia. Ukipenda nzito ongeza dakika moja ama mbili, lakini usiiache iwe makaa. Fanyia nje, moshi ni mwingi. Ipoeze haraka kwa ungo, iache ilale siku moja, halafu uitwange tena kiasi cha kikombe unachotaka, chenga ziwe kama sukari. Ikishatwangwa ladha inatoroka haraka, na mbegu zilizochomwa zikae kwa mkebe wenye kifuniko, mbali na jua, mwezi mmoja hivi.

Kinu ukioshe vizuri ukimaliza. Muthokoi wenye harufu ya kahawa hauna msamaha kwa hii nyumba yetu, nilishajaribu.