Nani Abebe Gharama ya Kujifunza? Wanafunzi na Waajiri wa Teknolojia katika Ufuo wa Usenge

Mjadala wa ajira za teknolojia nchini Kenya umejengwa juu ya dhana moja: kwamba wanafunzi na waajiri hawajuani, na kwamba wakikutanishwa kazi zitapatikana. Kwa dhana hiyo huandaliwa maonyesho ya ajira, mashindano ya ubunifu na mafunzo ya viwandani ya miezi mitatu. Makala haya yanadai kuwa kutojuana ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Swali zito zaidi ni nani anayebeba gharama ya kile kipindi ambacho kijana amekwisha kufuzu darasani lakini bado hajawa fundi wa kutegemewa. Nitalijadili swali hilo kwa kuutazama ufuo wa Usenge, huko Yimbo katika kaunti ya Siaya. Hapo hakuna kampuni kubwa ya kompyuta, lakini kazi za teknolojia zipo na zinahitaji watu.

Kipindi kisicho na mwenyewe

Mwanauchumi Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu rasilimali watu, alieleza kwa nini mwajiri husita kufundisha ujuzi unaotumika popote. Akitumia fedha zake kumnoa kijana, kijana huyo anaweza kuhamia kwa jirani kesho yake, na mavuno yakamwendea asiyepanda. Kwa hiyo gharama humwangukia anayejifunza: hukubali ujira mdogo hadi ujuzi ukomae. Uandishi wa programu ni mfano kamili wa ujuzi wa aina hiyo, kwani anayeufanya Kisumu anaweza kuufanya Nairobi au Berlin kwa zana zile zile.

Kenya imeshuhudia jambo hili. Kampuni ya Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014 kisha ikaingia Nairobi, ilijitwika gharama hiyo yenyewe. Iliwachagua vijana, ikawafundisha huku ikiwalipa, halafu ikawaunganisha na kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 ilitangaza kuwapunguza wahandisi wachanga wapatao 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kwamba wateja walihitaji zaidi wahandisi wenye uzoefu. Katika mkasa huu waajiri na vijana walikuwa wamekwisha kukutanishwa, tena kwa ustadi. Aliyekosekana ni mwajiri wa kulipia muda wa kukomaa.

Kwa mwanafunzi asiye na jina la kampuni kama hiyo nyuma yake, mzigo huu hubebwa na familia. Anayetoka Yimbo akipata nafasi ya mafunzo Kisumu au Nairobi, lazima atafute chumba, nauli na chakula kwa miezi yote, na mara nyingi bila malipo yoyote. Familia inayotegemea omena haiwezi kuhakikisha fedha hizo zitakuwapo kila wiki. Matokeo yake, nafasi huwaendea wenye uwezo wa kusubiri, na tunadhani tumechagua wenye vipaji. Vipaji vyenyewe havijawahi kuwa haba katika ukanda huu. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu, wakilelewa na kituo cha LakeHub, walibuni programu ya simu ya kupambana na ukeketaji iliyowafikisha kwenye fainali za shindano la Technovation huko California. Miaka miwili baadaye waliteuliwa miongoni mwa waliowania Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Ushindani wa namna hiyo huonyesha uwezo, lakini haumpi msichana wa pili au wa kumi mahali pa kufanya kazi Jumatatu asubuhi.

Waajiri ambao hatujawaita waajiri

Pingamizi la kwanza ni kwamba Usenge haina waajiri wa teknolojia. Pingamizi hili linatokana na kumtafuta mwajiri mwenye jengo la vioo. Tukitazama kazi badala ya jengo, picha hubadilika. Kaunti ya Siaya ndiyo yenye vizimba vingi zaidi vya kufugia ngege katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na maji ya Usenge na Anyanga ni miongoni mwa maeneo yake makuu. Kizimba ni mtaji unaoelea. Upepo ukiyakoroga maji, tabaka la chini lenye oksijeni kidogo hupanda juu, na samaki waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Novemba 2022 samaki wengi wa vizimba walikufa upande wa Kisumu, na upungufu wa oksijeni ukatajwa kuwa chanzo. Mfugaji mwenye kifaa cha kupima oksijeni na joto la maji, kinachotuma ujumbe kwenye simu yake usiku, hupata muda wa kupunguza chakula au kuvuna mapema. Kifaa hicho kinahitaji mtu wa kukifunga, kukisafisha, kukirekebisha kipimo, kubadilisha betri na kuzisoma takwimu zake. Hiyo ni kazi ya teknolojia, na haiwezi kufanywa na mtu aliye mbali na maji.

Karibu na vizimba kuna kazi nyingine. Taa za karabai zilizotumika kuvulia omena zinaendelea kuachia nafasi taa za betri na sola. Mashua ziendazo kisiwa cha Mageta hutegemea injini ambazo fundi wake lazima aelewe umeme pia. Vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi huviita BMU, huweka kumbukumbu za samaki wanaoshushwa, na kumbukumbu hizo zingefaa zaidi zikiwa za kidijitali. Kila mmoja wa wahusika hawa ana kazi kidogo ya kiufundi. Hakuna hata mmoja aliye na kazi ya kutosha kumwajiri na kumfundisha kijana kwa mwaka mzima. Udogo huo ndio kikwazo halisi cha Usenge, na maonyesho ya ajira hayawezi kuuondoa.

Mkataba wa pamoja

Historia ya eneo hili inatufundisha nini? Katika miaka ya 1970 wananchi walichanga fedha kuanzisha Taasisi ya Teknolojia ya Ramogi mjini Kisumu, chuo chenye jina la babu wa Waluo ambaye mlima wake, Got Ramogi, uko huko huko Yimbo. Harambee hiyo ilithibitisha kuwa jamii iko tayari kugharimia ujuzi wa watoto wake. Lakini harambee hujenga karakana. Haimfungi mwajiri kumpokea mwanafunzi. Leo vyuo si haba: Bondo, makao ya kaunti ndogo ambamo Usenge imo, ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichopata hati yake mwaka 2013, na mjini Kisumu ipo taasisi ya kitaifa ya ufundi. Upande wa waajiri ndio haujajengwa.

Msingi wa kisheria upo. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Kanuni hii inajibu hoja ya Becker moja kwa moja: kama wote wanachangia, anayefundisha hapati hasara peke yake. Udhaifu wake ni kwamba anayenufaika kwa urahisi ni mwajiri mkubwa aliyesajiliwa, mwenye ofisi ya kujaza fomu za kudai marejesho. Mfugaji mwenye wafanyakazi watatu angechangia shilingi 1,800 kwa mwaka, na hata akichanga, hawezi peke yake kuendesha mafunzo yanayoidhinishwa.

Ujerumani, nchi inayotajwa sana katika mijadala yetu ya mafunzo, inaruhusu kisheria waajiri kadhaa kushirikiana kumfundisha mwanagenzi mmoja. Usenge inahitaji mpango wa aina hiyo. Wafugaji wa vizimba, BMU, mafundi wa sola na injini wangeunda kundi moja linalotambuliwa na NITA kama mwajiri. Kundi lingetia saini mkataba wa mwaka mmoja na mwanafunzi, naye angezunguka kwa zamu katika sehemu zao za kazi. Posho yake ingetoka katika mfuko wa tozo, mhadhiri wa Bondo angemfuatilia, na mwishoni angefanya mtihani wa ufundi wa NITA ili ujuzi wake utambuliwe popote.

Wapo watakaosema kwamba mpango huu utamfungia kijana kwenye samaki. Lakini anayejua kusimamia vipima-maji, umeme wa sola na takwimu ana ujuzi unaohitajika pia kwenye kilimo cha umwagiliaji, hospitali na viwanda. Hofu iliyo nzito zaidi ni ya kunyonywa: mwanagenzi anaweza kugeuzwa kibarua wa bei rahisi wa kubeba magunia ya chakula cha samaki. Ndiyo maana mkataba lazima utaje kazi za kiufundi atakazojifunza katika kila kituo, na posho ilipwe na kundi moja kwa moja kwa mwanafunzi, asiwe chini ya huruma ya mwenye kizimba.

Serikali ya kaunti na vyuo hupenda kuhesabu wanafunzi waliohudhuria na mikataba ya ushirikiano iliyotiwa saini. Hesabu hizo hazituelezi lolote kuhusu ujuzi. Wahesabu waliolipwa walipokuwa wakijifunza, na walio bado kazini mwaka mmoja baadaye. Kipimo hicho kitamlazimu kila mhusika kuonyesha amechangia nini, na kwa mara ya kwanza mtoto wa mvuvi hatakuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote.