Ukadiriaji wa ulemavu na mafao ya askari wa zamani: Ngara na Biharamulo

Ukadiriaji wa ulemavu ni utaratibu wa kitabibu na kisheria unaopima kiasi cha uwezo wa mwili au akili kilichopotea kwa jeraha au ugonjwa, na kukieleza kwa asilimia ili fidia ya mhusika ikokotolewe. Kwa askari wa zamani huongezeka sharti la pili, yaani kuthibitisha kwamba ulemavu huo ulitokana na utumishi wake jeshini.

Historia. Ngara na Biharamulo, wilaya za kusini mwa Mkoa wa Kagera, zilikuwa chini ya Ujerumani hadi majeshi ya Ubelgiji yalipoziteka mwaka 1916, kisha zikawa sehemu ya Tanganyika chini ya Uingereza, na kila dola ilikuwa na kanuni zake za kuwalipa askari wake. Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha mwaka 1964 malipo kwa askari wa Kiafrika waliokuwa wangali hai tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, ilhali Uingereza ilitangaza mwaka 2018 mpango wa misaada kwa askari wazee wa makoloni yake ya zamani, wakiwamo wale wa King's African Rifles, kikosi cha kikoloni cha Uingereza katika Afrika Mashariki, waliopigana Ethiopia, Madagaska na Burma.

Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliongezewa askari kutoka polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na makumi ya maelfu ya mgambo, ambao wengi wao walirejea uraiani vita vilipokwisha mwaka 1979. Kwa kuwa pensheni ya kawaida hufuata mshahara na urefu wa utumishi, mgambo aliyeitwa kwa dharura na mwanajeshi wa ajira ya kudumu wanaweza kupata majeraha yanayofanana huku haki zao zikitofautiana.

Sheria. Wanajeshi wa Tanzania wanatawaliwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 (Sura 192) na kanuni zake. Athari ya kubadilisha viwango huonekana wazi zaidi katika sheria ya raia: sheria ya zamani ya fidia kazini iliweka ukomo wa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu, ambao thamani yake ilimezwa na mfumuko wa bei, hadi Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilipoyafungamanisha malipo na mshahara. Chini ya sheria hii, ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipiwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipiwa pensheni ya kila mwezi, hivyo jedwali la asilimia za ulemavu likibadilika kwa asilimia moja tu laweza kumhamisha mtu kutoka aina moja ya malipo hadi nyingine.

Mabadiliko na ulinzi wa haki. Nchi nyingine huzuia madhara hayo kwa njia mbalimbali. Uingereza hufuata tarehe ya tukio: majeraha ya kuanzia tarehe 6 Aprili 2005 huingia katika mpango mpya wa fidia, na ya awali hubaki katika pensheni ya vita. Marekani, ambayo hukadiria kwa ngazi za asilimia kumi kumi, imekataza kisheria kupunguza kiwango cha askari kwa sababu tu jedwali limebadilishwa, isipokuwa ikithibitika kwamba hali yake imepata nafuu.

Hali ya wilaya hizi. Madai ya ulemavu hutegemea kumbukumbu za matibabu, cheti cha kuachishwa utumishi na uamuzi wa bodi ya madaktari, na hospitali kubwa za rufaa, kama Bugando iliyoko Mwanza, ziko mbali na vijiji vya Ngara na Biharamulo. Kwa askari waliojeruhiwa mwaka 1979, nyaraka zimechakaa na mashahidi wamepungua, ilhali maumivu ya viungo, upotevu wa usikivu na athari za kisaikolojia huweza kujitokeza au kuzidi baada ya miaka mingi. Kwa sababu hiyo, marekebisho ya jedwali yasiyoambatana na nafasi ya kupimwa upya karibu na makazi, na kukubaliwa kwa ushahidi mbadala pale nyaraka zilipopotea, hayawezi kuwafikia wahusika hata yakiongeza viwango vya malipo.