Kuruka kwa upondo: Jinsi ya kukabili majaribio yaliyoharibika na upepo usiotabirika

KATIKA riadha, ni michezo michache inayomwadhibu mshiriki kwa ukali kama kuruka kwa upondo. Mkimbiaji akishindwa huwa angalau amefika utepeni, na muda wake ukaandikwa. Mrukaji wa upondo aweza kujiandaa kwa miaka minne, akaharibu majaribio matatu, na kurudi nyumbani bila hata sentimita moja mbele ya jina lake.

Upondo ni neno la watu wa pwani. Ni ule mti mrefu ambao baharia husukumia dau penye maji machache. Ule wa wanariadha wa leo hutengenezwa kwa nyuzi za kioo au kaboni. Hupindika kama upinde, kisha hujinyoosha na kumrusha mwenye kuushika juu ya ufito uliolazwa baina ya milingoti miwili. Nguvu za kumwinua hutokana hasa na kasi ya mbio zake, nao warukaji bora wa kiume hukaribia mita 10 kwa sekunde wanapofika mwisho wa njia. Ndiyo sababu upepo una usemi mkubwa katika mchezo huu.

Sheria ya majaribio

Sheria za kimataifa zinasema kwamba mrukaji anayeshindwa mara tatu mfululizo huondolewa. Anaruhusiwa kukiacha kimo fulani na kusubiri kinachofuata, lakini makosa aliyokwisha kuyafanya humfuata huko. Aliyeshindwa mara mbili katika mita 5.70, kisha akaamua kungojea mita 5.75, hubaki na jaribio moja tu.

Aidha, makosa huhesabiwa wawili wanapolingana. Kwanza hutazamwa nani aliyeharibu mara chache katika kimo cha mwisho walichovuka. Wakilingana hapo, hujumlishwa makosa yote hadi kimo hicho. Kwa hivyo jaribio lililoharibika mapema, hata kama mrukaji alivuka baadaye, laweza kumnyima medali.

Si kila tukio huitwa kosa, hata hivyo. Upondo ukivunjika katikati ya jaribio, mrukaji hupewa nafasi nyingine. Na iwapo amekwisha kuvuka ufito bila kuugusa, kisha upepo ukauangusha, jaribio lake huhesabiwa kuwa limefaulu.

Upepo wa mbele, wa nyuma na wa kando

Wasomaji wanakumbuka kwamba Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 uwanjani Kasarani mnamo Septemba 18, 2021, upepo ulipimwa. Kama ungemsukuma kwa zaidi ya mita 2 kwa sekunde, rekodi hiyo ya Afrika isingekubaliwa. Kwa mrukaji wa upondo hakuna kiwango kama hicho. Analoletewa na upepo, liwe jema au baya, ni lake.

Upepo wa mbele, ambao mabaharia huuita upepo wa omo, hupunguza kasi na kufupisha hatua. Mrukaji huanza kupaa akiwa mbali na kishimo cha kuchomekea upondo, upondo haupindiki vya kutosha, naye aweza kurudishwa nyuma na kuangukia njia ya kukimbilia badala ya godoro. Hii ni hatari kubwa.

Upepo wa nyuma huongeza kasi na kurefusha hatua. Wengi huufurahia, lakini una mtego wake. Mrukaji hufika karibu mno na kishimo, upondo hupindika kupita kiasi, naye huugonga ufito angali anapanda.

Upepo wa kando ndio msumbufu zaidi. Huyumbisha ncha ya upondo wakati wa kuichomeka, na humsukuma mrukaji upande, mbali na katikati ya godoro.

Marekebisho baina ya jaribio na jaribio

Mrukaji mwenye uzoefu huenda uwanjani na pondo kadhaa zenye ugumu tofauti. Upepo ukimjia usoni, husogeza mbele alama yake ya kuanzia, hushika upondo chini kidogo, au huchagua ulio laini zaidi. Upepo ukimsukuma, hurudisha alama nyuma na kuchukua ulio mgumu zaidi. Vilevile aweza kuwaomba waamuzi wasogeze ufito, kwani sheria huruhusu uwekwe popote kati ya sentimita 0 na 80 kutoka ukingo wa ndani wa kishimo kuelekea godoro.

Maamuzi hayo yote hufanywa saa ikihesabu. Wanapobaki washindani zaidi ya watatu, kila mmoja hupewa dakika moja tu ya kuanza jaribio lake. Wakibaki wawili au watatu, hupewa dakika mbili. Mrukaji huutazama mfuko wa upepo kando ya njia na kungoja utulie. Akiharakisha, upepo humpiga. Akingoja mno, muda humwishia na hilo nalo huwa kosa.

Kutokana na hali hiyo, swali la kwanza baada ya jaribio kuharibika ni la kiufundi: je, kosa lilikuwa la mrukaji au la upepo? Anayebadilisha upondo kumbe tatizo lilikuwa hatua zake, huongeza kosa juu ya kosa.

Waliowahi kuonja

Sergey Bubka, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 6 mfululizo kati ya 1983 na 1997, alishinda dhahabu ya Olimpiki jijini Seoul mwaka 1988 kwa kuvuka mita 5.90 katika jaribio lake la mwisho. Miaka minne baadaye jijini Barcelona aliharibu mara mbili katika mita 5.70, akakiacha kimo hicho, kisha akashindwa katika 5.75. Aliondoka bila kimo chochote.

Yelena Isinbayeva wa Urusi alipatwa na hayo hayo katika mashindano ya dunia jijini Berlin mnamo Agosti 2009. Alianza kwa mita 4.75 na kushindwa, akasubiri 4.80, na kushindwa tena mara mbili. Kabla ya mwezi kwisha, Agosti 28, alivuka mita 5.06 jijini Zürich na kuweka rekodi mpya ya dunia. Kuteleza si kuanguka.

Armand Duplantis wa Uswidi naye aliweka rekodi ya mita 6.25 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na ya mita 6.30 jijini Tokyo mwaka 2025. Zote mbili alizipata katika jaribio la tatu.

Kwa makocha wanaowafunza vijana, funzo ni mara mbili. Mwanafunzi azoezwe kuruka katika upepo wa kila namna angali anatumia vimo vya chini, ili asikutane nao kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Na upepo unapovuma ovyo kiasi cha kumtupa nje ya godoro, zoezi lisimamishwe. Kimo kilichokosekana leo chaweza kutafutwa kesho, lakini shingo iliyovunjika haina jaribio la pili.