Banda la Madebe

Mwezi uliopita tulivunja banda la uani nyumbani kwa mama, Morogoro. Kaka yangu mkubwa alitoa hela uwanja utengenezwe: ukoka, miti ya kivuli, njia ya matofali na stoo mpya ya bati. Banda la zamani halikuwemo kwenye mchoro wa fundi. Mimi nikaja juu. Nikamwambia mama lile banda ni historia.

Akacheka. "Historia ya nini, mwanangu? Ya shida?"

Kuta zake zilikuwa madebe yaliyopasuliwa, yakagongwa mpaka yakawa bapa, kisha yakapigiliwa misumari kwenye nguzo. Baba alilijenga mwaka 1983. Si kwamba hakulijua bati. Bati la migongo ni la siku nyingi: Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza yake mwaka 1829, na kati ya majengo ya mwanzo kulitumia lilikuwa banda la bandarini London. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kupaka chuma zinki kisipate kutu.

Ila mwaka 1983, hata mwenye hela bati alilitafuta kwa tochi. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, vita vya Kagera vya 1978–79 vilikomba fedha za kigeni, na viwanda vikakosa vipuri na malighafi. Sukari na sabuni zilikuwa za foleni. Mwaka huohuo serikali ikaanzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Mama anamkumbuka jirani aliyefukia mabati mapya shambani, akaogopa hata kuyaezeka.

Madebe lakini yalikuwepo. Debe la lita 18 hivi lilikuja na mafuta. Yakiisha, linachotea maji, linapimia mahindi, na likitoboka linakuwa ukuta. Neno lenyewe lina asili ya Kihindi, nasi tukalifanya letu kabisa: wanasiasa wanapigiana debe, stendi zina wapiga debe, na mahindi sokoni bado tunayahesabu kwa madebe.

Yote haya nilimweleza mama pale uani, kwa mbwembwe za msomi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hivi hujui kama tulilala humo?"

Sikujua. Maisha yangu yote lile lilikuwa stoo ya majembe na mkaa.

"Miaka miwili, nyumba haijaisha. Kaka yako alitambaa humo. Mchana huingii kwa joto, na mvua ikinyesha hatusikilizani. Wewe umekuja baadaye, bati limeshapatikana. Ndiyo maana unaliona zuri."

Basi, sikubishana tena. Niliomba siku moja tu. Nikapima kwa hatua, nne kwa tatu. Nikahesabu madebe ya upande wa mlango, nikampiga mama picha akiwa amesimama penye kizingiti. Nikamwomba anionyeshe kitanda kilikaa wapi, akanionyesha kwa mguu.

Kesho yake fundi alimaliza kuvunja kabla ya saa sita. Kaka alipiga simu kutoka Dar, akauliza swali moja: "Limeshatoka?"

Nikamjibu limetoka. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimtumie ile picha.