Tasdiki, Wala Si Uthibitishaji

Kuna waraka mmoja wa istilahi, uliotungwa na wanakamati ambao sina haja ya kuwataja, unaowaelekeza makarani na wafasiri wetu waite kwa jina moja la "uthibitishaji wa vyeti" kila kinachofanyiwa cheti cha muuguzi, cha mhandisi au cha mwalimu kabla mwenyewe hajavuka bahari kwenda kutafuta kazi. Na kana kwamba kosa moja halikutosha, wakaongeza kuwa yafaa pia kusema "uhalalishaji". Nimeusoma waraka huo kwa masikitiko, maana waliouandika ni watu wa elimu, na mwenye elimu hasamehewi uzembe wa maneno kama asamehewavyo mchuuzi wa sokoni.

Hilo la pili ndilo bovu zaidi. Halali ni kinyume cha haramu, na kuhalalisha, kwa Mswahili yeyote aliyepita chuoni, ni kukitoa kitu katika uharamu au kukiruhusu kilichokuwa hakijaruhusiwa. Cheti cha muuguzi kilikuwa halali tangu siku alipokabidhiwa na chuo chake. Ubalozi haukiongezei uhalali hata chembe.

Ama "uthibitishaji", kosa lake limejificha zaidi, na kwa hiyo lina madhara zaidi. Thabiti ni kilichosimama imara kisichotikisika, na aliyethibitisha jambo amelikatia shaka yote. Je, ndivyo afanyavyo afisa wa wizara? Kigeuzeni cheti cha muuguzi kilichokwisha kuzungushwa maofisini, mtazame mgongoni mwake: kwanza pana muhuri wa wakili, ubavuni mwake pana sahihi ya afisa wa mambo ya nje, akishuhudia kuwa sahihi ya wakili ni ya wakili kweli, na chini yake, pembeni palipobaki nafasi, pana stempu ya ubalozi, ikishuhudia kuwa afisa yule ni afisa. Kila mmoja amemshuhudia aliyemtangulia, wala hapana hata mmoja aliyefungua daftari la chuo kuuliza kama binti huyo alifaulu mtihani wake.

Mkataba uliofungwa The Hague tarehe 5 Oktoba 1961, ambao Oman, Saudi Arabia, Burundi na Rwanda zimekwisha kuingia, uliukata mnyororo huo ukaweka mahali pake hati moja ya mraba, isiyopungua sentimita 9 kila upande, iitwayo apostili. Hati hiyo nayo hushuhudia mambo matatu basi: ukweli wa sahihi, wadhifa wa mtia sahihi, na muhuri uliogongwa. Yaliyoandikwa ndani ya cheti haiyagusi. Lugha yetu, iliyotumia neno moja la sahihi kwa alama ya mkono wa mtu na kwa jambo lisilo na kosa, ilitutaka tuwe waangalifu hapa kuliko wengine. Maana sahihi ya mkuu wa chuo yaweza kuwa yake kweli, ilhali maksi zilizo juu yake si sahihi.

Neno lifaalo ni tasdiki. Asili yake ni mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa sadiki, sadaka na sadakta, nao ni mzizi wa ukweli wa kauli; na umbo lake ni lile la tafsiri, tasbihi na tahakiki, ambayo hapana Mswahili anayeyaona mageni. Tasdiki ni kumkubali msemaji kuwa mkweli. Abubakari aliitwa Siddiki kwa sababu, alipoletewa habari ya safari ya usiku ya Mtume ambayo yeye hakuiona, aliikubali kwa kumjua aliyeisema. Na hiyo ndiyo hali ya mwajiri wa Riyadh, ambaye chuo cha Tanga hakijui wala hatakiona, lakini hupokea kauli yake kwa kuiamini serikali iliyokisemea. Fauka ya hayo, ndugu zetu walioko Muscat hulisikia neno hili kila wapelekapo karatasi zao ofisini, kwa kuwa Waarabu wenyewe huiita kazi hii kwa jina hilo.

Nilipolileta pendekezo hili mbele ya wahusika, nilijibiwa na bwana mmoja, ambaye maneno yake bado yananichoma, kwamba tasdiki ni "Kiarabu mno" na ni "neno la msikitini". Laiti angalitazama aliyoyatetea! Thibitisha, hakiki na halalisha yote yametoka Uarabuni. Katika orodha yake nzima neno lisilo la Kiarabu lilikuwa cheti, nalo limetoka Uhindini.

Nashikilia neno hili kwa sababu panapokosekana majina mawili watu huyachanganya matendo mawili. Uhakiki ni kwenda kwenye chimbuko. Watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi katika taarifa aliyokabidhiwa Rais Magufuli mjini Dodoma tarehe 28 Aprili 2017 hawakufichuliwa na mihuri. Walifichuliwa kwa kulinganisha vyeti vyao na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Waajiri wa Ghuba huyataka yote mawili: mihuri juu ya cheti, na jibu la chuo na la baraza la wauguzi lililopelekwa kwao moja kwa moja. Muuguzi aliyeambiwa kuwa cheti chake "kimethibitishwa" huacha kazi aliyo nayo akidhani amemaliza, kumbe ameipita nusu ya njia. Na lawama ya hasara yake naiweka juu ya waliompa neno la uongo.

Matumizi ni mepesi: chuo hupewa ithibati, cheti hufanyiwa uhakiki, sahihi na muhuri hufanyiwa tasdiki, kitenzi ni kusadikisha. Wanakamati na wautengue waraka wao, na maadamu hawajautengua, mfasiri mwenye kuijua amana ya kazi yake asiufuate.