Hatifungani: Ni Nani Aliyefungwa?

Mkenya wa kawaida analijua neno bondi kutoka kituo cha polisi. Mtu anashikwa Ijumaa, ndugu wanachangishana, anatoka kwa bondi. Dhamana nayo ni hivyo hivyo: kila siku taarifa ya habari inatuambia mshukiwa fulani ameachiliwa kwa dhamana. Basi redio inapotangaza kwamba dhamana za serikali zinauzwa, msikilizaji wa Muhuru Bay, ufuoni mwa Ziwa Victoria, ana haki ya kuuliza serikali imeshikwa kwa kosa gani.

Swali hilo nililisikia kwa mama mmoja anayeuza omena kwa gorogoro ufuoni. Alikuwa akiwageuza samaki wake juu ya neti kuukuu iliyotandazwa mchangani, akicheka. Kisha akauliza la pili bila kucheka: “Nikishazifunga pesa huko, na injini ya boti iharibike Jumanne, nitamwambia nani anifungulie?”

Kiswahili sanifu kina neno bora kuliko hayo mawili: hatifungani. Hati ni maandishi yenye nguvu ya kisheria, na fungani inatokana na kufunga. Unaikopesha serikali, nayo inafungwa na maandishi yake yenyewe: itakulipa riba kila baada ya miezi sita, na muda ukiiva itakurudishia ulichoikopesha. Anayefungwa ni mkopaji. Hapo ndipo hatifungani inapoachana na hisa. Walionunua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 mwaka 2008 waliingia katika umiliki wa kampuni, na hakuna aliyewaahidi chochote. Zipo pia dhamana za muda mfupi, za siku 91, 182 na 364. Hizi hazilipi riba njiani. Unazinunua kwa bei pungufu na kulipwa thamani kamili mwishoni.

Lakini mama wa omena hakukosea. Sikio lake lilisikia pesa zimefungwa, na kwa kiasi fulani ni kweli.

Machi 2017 serikali ya Kenya ilijaribu kumfikia mtu kama yeye kwa M-Akiba, hatifungani ya miaka mitatu iliyonunuliwa kwa simu. Kiwango cha chini kilikuwa shilingi 3,000, riba asilimia 10 kwa mwaka, bila kodi. Toleo la majaribio la shilingi milioni 150 lilimalizika lote. Toleo kubwa lililofuata mwaka huo huo lilitafuta shilingi bilioni moja, likapata karibu robo yake. Wengi walilaumu ujinga wa wananchi. Mimi naona wananchi walipiga hesabu. Shilingi 3,000 zilizaa 150 kila nusu mwaka, na Mei 2017 mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.7. Mwezi huo bei zilikuwa zikipanda kwa kasi zaidi kuliko akiba ilivyokua.

Matoleo hayo ya M-Akiba yameshaiva. Leo mlango ni DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ya Kenya uliozinduliwa mwaka 2023. Unafungua akaunti kwa simu au kompyuta bila safari ya Kisumu wala Nairobi, lakini hatifungani ya kawaida inaanzia shilingi 50,000. Kodi nayo ipo: riba ya hatifungani ya chini ya miaka 10 hukatwa asilimia 15, na ya miaka 10 na zaidi hukatwa asilimia 10. Za miundombinu zimekuwa zikiuzwa bila kodi hiyo, ndiyo maana hugombaniwa. Ile ya Februari 2024, ya miaka minane na nusu, ilitoa riba ya asilimia 18.4607. Serikali iliomba shilingi bilioni 70 na wanunuzi wakaleta zaidi ya bilioni 280.

Sasa turudi kwa injini ya Jumanne. Hatifungani huuzwa kwa mtu mwingine katika Soko la Hisa la Nairobi kabla haijaiva, ila kwa bei ya siku hiyo. Aliyeshika karatasi ya asilimia 10 wakati serikali inatoa 18 hapati mnunuzi mpaka apunguze bei, na hasara ni yake. Benki Kuu yenyewe hununua tena kama njia ya mwisho, kwa makato ya adhabu. Kwa hiyo pesa hufunguliwa, lakini ufunguo una gharama.

Na mkopaji aliyefungwa anaweza kujifungua? Desemba 2022 serikali ya Ghana, ikilemewa na madeni, iliwataka wenye hatifungani za ndani wazibadilishe kwa mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Wastaafu waliandamana. Kenya haijafika huko, lakini anayekuambia hatari ni sufuri anakuuzia kitu.

Kwa mvuvi wa Muhuru Bay, ambaye mwezi ukiwa mpevu taa zake hazivuti omena, pesa za wiki hii si za ziada hata zikionekana hivyo. Na mwenye mkopo wa simu asifikirie hatifungani kabisa: M-Shwari, mmoja wa mikopo hiyo, ulianza kwa kutoza asilimia 7.5 kwa siku 30, na hakuna hatifungani inayoshinda kiwango hicho. Alipe deni kwanza.

Ila yule mama ana akiba kidogo ambayo haiguswi na boti, na hiyo, ikifika shilingi 50,000, ningeipeleka huko bila wasiwasi mkubwa. Nilimshauri aangalie tarehe za malipo ya riba, ambazo hutangazwa kabla ya kununua, achague hatifungani inayolipa Mei na Novemba. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na Mei ndipo gorogoro hukaa tupu.