Kesi ya Nyani, Hakimu Ngedere

Wahenga wetu walikuwa wakulima, na mkulima huwajua wezi wa shamba lake. Walipomwona mmoja wa wezi hao ameketi katika kiti cha hukumu, walisema: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Katika insha hii tutajaribu kueleza jinsi msemo huo ulivyofuatana na historia ya utawala wetu, na jinsi Taifa lilivyojaribu kuujibu.

Katika zama za Wajerumani, akida alikusanya kodi na papo hapo akaamua mashauri. Waingereza walipoingia, watu walimwita mkuu wa wilaya Bwana Shauri, na jina hilo peke yake ni somo la historia. Huyo ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyetoa amri, na ndiye aliyekaa hakimu. Aliyedhulumiwa na boma alipeleka malalamiko yake bomani. Si ajabu, basi, kwamba kwa watu wengi Serikali ilikuwa kitu cha kuogopwa na kuepukwa, wala haikuwa chombo cha kuulizwa swali.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 wenye vyeo walibadilika, walakini mazoea ya kiti hayakubadilika kwa siku moja. Sheria za mwaka 1962 ziliwapa Wakuu wa Mikoa na wa Maeneo uwezo wa kumweka mtu kizuizini kwa muda wa saa 48. Januari 1964, Mwalimu Nyerere aliteua Tume, chini ya Rashidi Kawawa, ili itazame namna ya kujenga demokrasia ya chama kimoja. Tume hiyo ilitoa taarifa yake mwaka 1965. Haikupendekeza haki za raia ziandikwe katika Katiba kwa namna ya kudaiwa mahakamani. Badala yake ilishauri pawepo chombo cha kudumu cha kusikiliza malalamiko juu ya watu wenye madaraka. Ndipo ilipozaliwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, kwa Katiba ya Muda ya mwaka 1965 na sheria ya mwaka 1966. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya. Fikra hiyo ilikuwa na asili yake Uswidi, tangu mwaka 1809. Lakini katika Afrika nchi yetu ndiyo iliyotangulia.

Kazi ya Tume ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutenda. Mwananchi aliweza kulalamika kwa barua au kwa mdomo. Wajumbe walisafiri mikoani, wakakutana na watu katika mikutano ya hadhara, wakawaeleza kwamba ofisa wa Serikali, wa Chama au wa shirika la umma aweza kuulizwa kwa nini ametenda alivyotenda. Wengi walileta mambo ambayo Tume haikuwa na uwezo nayo, kama hukumu za mahakama na ugomvi wa watu binafsi. Wengine wamelihesabu jambo hilo kuwa ni ujinga wa raia. Sisi twaliona kuwa ni kiu: mtu aliyekosa kisima kwa muda mrefu hachagui ndoo.

Hata hivyo, msemo wa wahenga haukufa. Tume haikuwa na nguvu ya kutoa amri. Ilichunguza, ikapeleka taarifa yake ya siri kwa Rais, na Rais ndiye aliyeamua. Tena aliweza kuusimamisha uchunguzi wowote. Watu waliuliza: Je, huyu si ndugu yake yule?

Hapa hatuna budi kuungama jambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya wilaya. Mzee mmoja, aliyetumikia barabara kwa jembe na sururu, alikuwa akija kudai kiinua mgongo chake. Kila alipokuja aliambiwa jalada halionekani, arudi mwezi ujao. Siku moja tulimwamkia, tukamnong'oneza aiandikie Tume. Akacheka. "Mwanangu," alisema, "niende kwa ngedere nikamshitaki nyani?" Lakini alikubali, nasi tukamwandikia barua. Baada ya miezi kadhaa Tume ilimtaka mkubwa wetu atoe maelezo. Alikuja masjala na karatasi mkononi, akauliza jalada li wapi. Lilikuwa kabatini, na sisi tulijua tangu mwanzo kwamba limo. Tulikuwa tumeogopa kulitoa bila ya kuamriwa. Mzee alilipwa. Alikuja kutushukuru, nasi tukapokea shukrani tusiyostahili.

Tangu siku hiyo twaamini kuwa uhuru wa chombo cha Serikali hauanzi katika maandishi ya sheria peke yake. Waanza pia kabatini, kwa karani.

Sheria nazo zimesonga mbele. Mwaka 1984 haki za raia ziliingizwa katika Katiba. Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2001, Tume ya Kudumu iliifuatwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo wajumbe wake huteuliwa na Rais baada ya mapendekezo ya Kamati ya Uteuzi, na ambayo yaweza kwenda mahakamani. Katiba yaiita idara huru, isiyolazimika kufuata amri ya mtu. Ingawa Rais amebakiziwa uwezo wa kuiagiza akiridhika kwamba maslahi ya Taifa yahitaji hivyo. Basi swali la mzee wetu limepungua makali, lakini halijakwisha.

Nanyi wanafunzi, ambao baadhi yenu mtakalia viti hivyo kesho, yafaa mkumbuke kwamba wahenga hao hao walituachia msemo mwingine: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ule wa kwanza ni shaka ya raia; huu wa pili ni wajibu wa mtumishi. Shaka hiyo haiondolewi kwa hotuba. Huondolewa na yule anayefungua kabati kabla hajaulizwa.